Mwongozo Kamili wa Kuhuisha Leseni ya Masaji Katika Jimbo la Texas

Mwongozo huu ni wa wakandaji wazungumzao Kiswahili walioko Houston, Dallas, Fort Worth, Austin na miji mingine ya Texas, ambao kila baada ya miaka miwili hukwama mahali palepale. Wamelipa ada, wameona fedha zimekatwa benki, wameendelea kupokea wateja, kisha mkaguzi au mwajiri amewaambia kwamba leseni yao imekwisha. Mara nyingi tatizo si uzembe bali mpangilio: malipo ndiyo sehemu iliyo rahisi kuonekana, kwa hiyo watu huanzia hapo, ilhali kwa utaratibu wa jimbo malipo hukaribia kuwa jambo la mwisho.

Hatua zifuatazo zimepangwa kwa mfuatano unaozuia kosa hilo. Hata ukiona hatua fulani haikuhusu, soma onyo lililomo ndani yake kabla ya kuiruka.

## Tenganisha leseni na makaratasi mengine

Mkandaji wa Texas huwa na makaratasi kadhaa ya kitaaluma, na kuyachanganya ndiyo chanzo cha nusu ya mkanganyiko wote.

Leseni ya jimbo hutolewa na Texas Department of Licensing and Regulation, idara ambayo kila mtu huiita TDLR. Hii ndiyo inayokuruhusu kumkanda mtu kwa malipo, na muda wake ni miaka miwili. Mtihani wa MBLEx, ambao huendeshwa na shirikisho la bodi za masaji za majimbo, ulikuwa mlango wa kuingilia. Ukishaufaulu na kupata leseni, huurudii kwa ajili ya kuhuisha. Cheti cha bodi ya taifa, NCBTMB, ni cha hiari. Nacho huhuishwa kila miaka miwili, kwa saa 24 za mafunzo, lakini hakichukui nafasi ya leseni hata kidogo. Mwisho kuna uanachama wa vyama vya wakandaji, ambao wengi huulipia kwa sababu ya bima inayowalinda mteja akidai fidia. Kulipia uanachama si kuhuisha leseni, ingawa kadi yake huja ikiwa na jina lako na tarehe mpya.

Usichukue pia maelekezo ya ndugu anayefanya kazi hiyohiyo katika jimbo lingine. New York hudai saa 36 za mafunzo kwa kipindi cha miaka mitatu. Texas hudai saa 12 kwa miaka miwili. California ina utaratibu wake wa vyeti usiofanana na huu kabisa. Ndugu huyo anasema kweli kuhusu kwake, na kweli hiyo itakupotosha wewe.

Onyo jingine ni kuhusu miongozo ya zamani. Ukikutana na maelezo yanayokutuma kwa idara ya afya ya jimbo, yaache, kwa kuwa usimamizi wa masaji ulihamia TDLR tangu Novemba 1, 2017.

## Vitu vya kukusanya kabla ya kugusa fomu

Weka vitu hivi katika bahasha moja, na picha zake katika folda moja ya simu au kompyuta:

- Leseni yako ya sasa, yenye namba na tarehe ya kuisha.
- Kitambulisho cha serikali ambacho muda wake haujapita.
- Namba yako ya Social Security.
- Barua pepe unayoifungua mwenyewe, pamoja na nywila yake.
- Vyeti vya mafunzo endelevu vinavyofikia saa 12.
- Cheti cha somo la kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu.
- Risiti ya kupigwa alama za vidole, kama uliwahi kupigwa kwa ajili ya leseni hii.
- Hati ya ndoa, ya talaka au ya mahakama, ikiwa jina lako limebadilika.
- Kadi ya benki yenye fedha za kutosha.

Barua pepe imetajwa makusudi. Wakandaji wengi walijisajili wakiwa bado wanafunzi, kwa kutumia barua pepe iliyofunguliwa na mtoto, na msimamizi wa kesi yao ya ukimbizi au na karani wa chuo. Leo hakuna anayekumbuka nywila, na taarifa zote za TDLR zinaendelea kwenda huko.

## Hatua ya 1: Soma tarehe ya kuisha, kisha urudi nyuma siku 90

Chukua leseni yenyewe, usitegemee kumbukumbu. Hesabu siku 90 kurudi nyuma kutoka tarehe ya kuisha, na siku hiyo ndiyo yako ya kuanza kazi. Kama leseni inaisha Septemba 30, kalenda yako ianze Julai 2.

Siku 90 zinaweza kuonekana nyingi kwa jambo linaloweza kukamilika kwa wiki moja. Sababu yake ni kwamba hatua mbili zijazo, yaani jina na alama za vidole, haziko mikononi mwako peke yako. Ofisi nyingine hushiriki, na ofisi hizo hazijui wala hazijali tarehe yako.

TDLR hutuma ukumbusho takribani siku 60 kabla ya leseni kuisha. Upokee kama msaada, usiutegemee. Kutopata ukumbusho hakukubaliki kama sababu ya kuchelewa. Wajibu wa kujua tarehe ni wa mwenye leseni.

Utajua umefaulu ukiwa umeandika tarehe mbili mahali unapopaona kila siku: ya kuanza na ya kuisha.

## Hatua ya 2: Linganisha jina na anwani, herufi kwa herufi

Hatua hii ndiyo inayowaangusha watu wetu kuliko wengine, na ndiyo maana inachukua nafasi kubwa hapa.

Fomu za Marekani zinataka jina la kwanza, jina la kati na jina la ukoo. Majina yetu hayakuumbwa kwa mpango huo. Mtanzania hubeba jina lake, la baba na la babu. Mkongomani ana jina, jina la pili linalofuata hilo na jina la ubatizo, na katika hati zake za nyumbani jina la ubatizo mara nyingi huja mwisho. Afisa aliyejaza fomu ya kwanza ya uhamiaji alipanga majina hayo alivyoweza. Chuo cha masaji kikayapanga kwa namna yake. Na mtoa mafunzo wa mtandaoni ataandika lolote utakaloandika wewe mwenyewe siku ya kujisajili. Matokeo ni mtu mmoja mwenye karatasi nne zinazoonekana kuwa za watu wanne.

Kwa hiyo fanya hivi. Fungua ukurasa wa TDLR wa kutafuta wenye leseni, ambao uko wazi kwa umma, na uandike namba yako. Jina linaloonekana hapo ndilo jina lako la kikazi hadi litakapobadilishwa rasmi. Liweke kando ya kitambulisho chako na uyalinganishe: mpangilio, herufi, nafasi kati ya maneno, na kistari kama kipo. Likiwa limekosewa au limebadilika, omba marekebisho sasa, ukiambatisha hati inayothibitisha, na usubiri rekodi ibadilike kabla ya kuendelea. Baada ya hapo, kila kozi utakayojisajili itumie jina hilohilo.

Wapo waliopita katika kambi kama Nyarugusu au Kakuma na kuandikiwa Januari 1 kuwa siku ya kuzaliwa, kwa kuwa siku kamili haikujulikana. Tarehe hiyo inashirikiwa na watu wengi mno, na inapokutana na jina la kawaida, uwezekano wa rekodi yako kuchanganywa na ya mtu mwingine huongezeka. Hilo halikuzuii kuhuisha, ila linakupa sababu ya kujaza kila sehemu ya jina bila kukatisha, na kuandika namba ya leseni katika kila barua unayoituma idarani.

Anwani nayo ihakikiwe. Unapohama, una siku 30 za kuijulisha TDLR. Kubadilisha anwani kwenye posta hakutoshi, kwa sababu posta na idara ya leseni hazisomi daftari moja.

Onyo: usitumie hatua ya kuhuisha kama njia ya kubadili jina kimyakimya. Mwenye kuandika jina jipya kwenye fomu wakati rekodi bado ina la zamani hujitengenezea ombi linalosimama bila kujibiwa.

Utajua umefaulu jina lililo kwenye ukurasa wa umma, kwenye kitambulisho na kwenye akaunti yako ya mafunzo likiwa moja.

## Hatua ya 3: Maliza suala la alama za vidole

Bunge la Texas lilipitisha mwaka 2019 sheria inayomtaka mkandaji apigwe alama za vidole ili historia yake ya makosa ya jinai ikaguliwe katika kumbukumbu za jimbo na za taifa. Aliyekwisha kupigwa alama hizo alipoomba leseni ya kwanza chini ya sheria hiyo, au alipohuisha mara iliyopita, hatakiwi kurudia. Aliyepata leseni kabla ya hapo na hajawahi kupigwa anatakiwa kufanya hivyo sasa.

Tahadhari na neno "kupigwa". Alama ulizotoa kwa ajili ya uhamiaji, kwa ajili ya kazi ya kutunza wazee au ya shule hazihamishwi kwenye faili hili. Kila idara ina msimbo wake wa huduma, na unapoweka miadi na IdentoGO, kampuni inayoendesha vituo vya alama za vidole katika jimbo hilo, lazima utumie msimbo uliopewa na TDLR. Kwa msimbo usio sahihi alama zitapigwa vizuri, fedha zitalipwa, na majibu yatakwenda kwa mtu mwingine.

Kazi yetu ina tatizo lake hapa. Mikono inayooshwa kati ya kila mteja na kila mteja hukauka, na mistari ya vidole iliyosuguliwa husomeka kwa shida kwenye mashine. Siku chache kabla ya miadi, paka mafuta mikono usiku, lakini asubuhi ya siku yenyewe nenda na vidole visivyo na mafuta. Alama zikikataliwa utaitwa kurudia, na hapo ndipo zile siku 90 zinapoonyesha thamani yake.

Beba kitambulisho chenye jina ulilolihakiki katika hatua ya 2, na usitupe risiti.

Utajua umefaulu ukiwa na risiti yenye tarehe, na huku hujapokea taarifa ya kutakiwa kurudia.

## Hatua ya 4: Kamilisha saa 12 za mafunzo endelevu

Saa hizi 12 zina masharti ya wakati, na hapo ndipo watu wanapopoteza fedha. Kwa anayehuisha kabla ya tarehe, mafunzo lazima yawe yamefanyika ndani ya muda wa leseni ya sasa. Kozi uliyoisoma wiki moja kabla ya leseni hii kuanza ni mali ya kipindi kilichopita, hata kama hukuitumia. Vilevile, ukisoma saa 20 katika kipindi hiki, nane zilizozidi hazikungojei kipindi kijacho.

Kabla ya kulipia kozi yoyote, hakikisha mambo matatu. La kwanza, mtoa mafunzo anakubaliwa na TDLR kwa taaluma ya masaji. Ukurasa wa idara unakuwezesha kumtafuta kwa jina. Matangazo ya "inakubalika nchi nzima" yasikutoshe, kwa sababu mara nyingi maana yake ni kukubaliwa na NCBTMB, na wewe unahuisha leseni ya Texas. La pili, somo lenyewe linahusu kazi ya masaji. La tatu, cheti kitatolewa kwa jina lako na kitataja idadi ya saa.

Cheti kizuri kina jina lako kama lilivyo kwenye leseni, jina la kozi, jina la mtoa mafunzo na namba yake, tarehe ya kumaliza na saa. Kikikosa kimojawapo, mwandikie mtoa mafunzo siku hiyohiyo akirekebishe. Baada ya mwaka mmoja huenda kampuni hiyo haipo tena.

Nasaha yangu ni kutosoma saa zote 12 wikendi moja mbele ya kompyuta. Sheria haikatazi kuharakisha, lakini anayesoma kwa lugha ya tatu au ya nne huchoka upesi, hubonyeza majibu kwa kukisia na hufeli jaribio la mwisho. Gawanya kozi tatu za saa nne, moja kila mwezi, na uchague angalau moja ya kugusa mwili wa mtu chini ya mwalimu. Kozi za vitendo ni ghali zaidi, lakini ndizo zinazokuongezea mteja. Nyingine nyingi zinakuongezea karatasi tu.

Usirudie kozi ileile ndani ya kipindi kimoja ukitarajia ihesabiwe mara mbili.

Onyo: kuna watu wanaojitolea kukusomea kozi kwa malipo, ati kwa sababu Kiingereza chako si kizuri. Kutoa cheti cha mafunzo ambayo hukuyafanya ni udanganyifu unaoweza kukugharimu leseni yenyewe, na anayekusaidia hatakuwepo siku utakapohojiwa. Ukihitaji msaada wa lugha, kaa na mtu akufafanulie maneno, ila majibu yawe yako.

Utajua umefaulu ukijumlisha saa za vyeti vyako vyote na kupata 12 au zaidi, huku kila tarehe ikiwa ndani ya kipindi cha leseni ya sasa.

## Hatua ya 5: Soma somo la usafirishaji haramu wa binadamu

Hili ni sharti linalotajwa kwa jina lake, na linadaiwa kila unapohuisha. Cheti cha miaka miwili iliyopita hakitumiki tena. Lipange kama wajibu unaosimama peke yake, usilihesabu kuwa limo ndani ya kozi nyingine kwa sababu tu kozi hiyo iligusia maadili.

Sababu yake inaeleweka kwa yeyote aliyefanya kazi katika sekta hii. Baadhi ya wahalifu hutumia mabango ya masaji kuficha biashara ya kuwatumikisha watu, hasa wanawake wahamiaji walionyang'anywa hati zao, na mkandaji wa kweli anayefanya kazi jirani huenda akawa mtu wa kwanza kuona dalili. Somo linafundisha dalili hizo na njia ya kutoa taarifa. Kwa maoni yangu ndilo somo lenye maana kuliko mengi ya saa 12, na wasomaji wetu waliowahi kufanyishwa kazi bila malipo katika nchi za Ghuba watatambua mengi yaliyomo.

Kozi lazima iwe katika orodha iliyoidhinishwa na Texas Health and Human Services Commission. Sheria inaitaka tume hiyo iidhinishe angalau kozi moja isiyo na malipo, kwa hiyo usimlipe mtu kabla hujaiangalia orodha yenyewe. Ukimaliza, pakua cheti papo hapo, kwa kuwa baadhi ya kurasa hazikupi nafasi ya pili ukishazifunga.

Utajua umefaulu ukiwa na cheti chenye jina lako, tarehe ya kipindi hiki na jina la kozi linalofanana na lililo kwenye orodha ya tume.

## Hatua ya 6: Jaza fomu na kulipa

Ukifika hapa ukiwa na bahasha kamili, fomu haitakuchukua muda mrefu. Ingia katika tovuti ya TDLR kwa kuandika anwani yake mwenyewe, tdlr.texas.gov, na usipitie tangazo ulilokutana nalo kwenye utafutaji. Kurasa za biashara binafsi zinazojitolea "kukuhuishia" leseni zipo, na nyingine hufanana na za serikali kwa rangi na nembo. Anwani inayoishia na .gov ndiyo alama yako.

Maswali ya historia ya makosa ya jinai yasome neno kwa neno. Swali linapouliza kuhusu kukiri kosa, kesi iliyomalizwa kwa faini mahakamani inaweza kuwa ndani yake hata kama hukulala rumande. Kosa la zamani mara nyingi hujadilika. Kulificha, wakati alama za vidole zimekwisha kulionyesha, ni jambo jingine. Hata hivyo yako makosa ambayo hayajadiliki: sheria ya masaji ya Texas humnyima leseni aliyetiwa hatiani kwa usafirishaji haramu wa binadamu, ukahaba au makosa ya asili ya kijinsia. Ukiwa na kesi yoyote iliyo wazi, zungumza na wakili kabla ya kujaza, na mweleze pia hali yako ya uhamiaji.

Jambo jingine linalowashangaza wengi ni matunzo ya watoto. Mzazi anayedaiwa malipo ya miezi sita au zaidi anaweza kuwekewa zuio, na TDLR ikaambiwa isipokee ombi lake la kuhuisha. Ukijua una deni hilo, panga makubaliano na ofisi inayohusika kwanza, kwa sababu idara ya leseni haina uwezo wa kuliondoa zuio hilo.

Ada isome kwenye ukurasa wa ada siku unayolipa, na ujue kwamba hairudishwi. Hifadhi risiti na namba ya muamala, pamoja na picha ya skrini ya mwisho.

Utajua umefaulu ukipata uthibitisho kwamba ombi limepokelewa. Tazama neno hilo: limepokelewa. Bado halijakubaliwa.

## Hatua ya 7: Hakiki kwenye ukurasa wa umma, kisha ubandike

Leseni imehuishwa siku ambayo ukurasa wa kutafuta wenye leseni unaonyesha tarehe mpya ya kuisha. Hakuna ushahidi mwingine unaoutangulia huo. Si risiti, si kauli ya karani wa simu, si fedha zilizotoka benki. Rudi kwenye ukurasa huo kila baada ya siku chache hadi tarehe ibadilike. Ikikaribia tarehe ya kuisha bila mabadiliko, wasiliana na idara ukiwa na namba ya muamala mkononi na uulize ni kitu gani kinachokosekana, kwa kuwa kwa kawaida kuna barua pepe iliyotumwa ambayo hukuifungua. Angalia hata kwenye kisanduku cha barua taka.

Ukishaipata leseni mpya, ibandike mahali unapofanyia kazi, panapoonekana na wateja, ikiwa na picha yako. Kama unafanya kazi sehemu mbili, shughulikia zote mbili. Mpe mwajiri nakala, na umwombe athibitishe kwamba ameiweka kwenye faili. Wakaguzi wamekuwa wakali zaidi tangu sheria iliyoanza Septemba 1, 2023, ambayo inamruhusu mkurugenzi mtendaji wa TDLR kutoa amri ya dharura ya kusimamisha jumba la masaji linaloshukiwa kuhusika na usafirishaji haramu wa binadamu. Na mkaguzi aliyekuja kwa sababu hiyo huanza kwa kuomba leseni za kila aliyemkuta ndani.

Wenye majumba yao wakumbuke kwamba leseni ya jumba ni nyingine, ina tarehe yake na ada yake. Kuhuisha ya mtu hakuhuishi ya jumba.

## Kama tarehe imekwisha kupita

Acha kukanda kwa malipo. Hilo ndilo la kwanza, na ndilo linalouma, kwa sababu kodi ya nyumba haisubiri. Kati ya siku leseni ilipokwisha na siku mpya itakapotolewa, wewe huna leseni, na kuhuisha baadaye hakurudi nyuma kuzifunika siku hizo. Adhabu ya kiutawala ya TDLR inaweza kufikia dola 5,000 kwa kosa moja kwa siku moja. Mwombe mwajiri akupangie mapokezi, kufua mashuka au kazi nyingine isiyohitaji leseni.

Gharama na utaratibu hutegemea umechelewa kiasi gani:

- Ndani ya siku 90: unalipa mara moja na nusu ya ada ya kawaida. Leseni iliyokwisha Machi 31 huwa katika kundi hili hadi Juni 29.
- Zaidi ya siku 90 lakini chini ya miezi 18: unalipa mara mbili ya ada.
- Miezi 18 hadi chini ya miaka mitatu: unaandika ombi kwa mkurugenzi mtendaji wa idara, ambaye anaweza kukubali au kukataa, na ada inabaki kuwa mara mbili.
- Miaka mitatu na zaidi: hakuna kuhuisha. Unaomba leseni upya kwa masharti ya mwombaji mpya.

Hesabu ya mafunzo nayo hubadilika. Kwa aliyechelewa, saa 12 lazima ziwe zimefanyika ndani ya miaka miwili inayotangulia siku ya kuhuisha, si ndani ya muda wa leseni iliyokufa. Maana yake ni kwamba kozi ulizozisoma mwanzoni mwa kipindi kile huenda zikawa zimetoka nje ya dirisha, na itakubidi usome nyingine. Pigia mstari tarehe za vyeti vyako kabla ya kulipa ada iliyoongezeka.

Wanajeshi walio kazini wana nafuu ya kisheria kuhusu adhabu ya kuchelewa na muda wa mafunzo. Kijana wako aliye jeshini na mwenye leseni hii aulizie nafuu hiyo kabla ya kulipa chochote.

## Ukiombwa vyeti baada ya kuhuisha

TDLR inaweza kukuandikia ikitaka kuona ushahidi wa saa ulizodai, hata miezi mingi baada ya leseni mpya kutoka. Hapo karatasi ya jina la kozi pekee haitoshi. Wanataka vyeti vyenyewe. Vitunze kwa angalau miaka miwili tangu tarehe ya kumaliza kila kozi, nakala moja ya karatasi na nyingine iliyoskaniwa na kutumwa kwenye barua pepe yako mwenyewe.

Barua hiyo huwa na siku ya mwisho ya kujibu. Jibu kabla ya siku hiyo hata kama cheti kimoja hakijapatikana, ukieleza ni kipi na umemwandikia mtoa mafunzo lini, kisha ukipeleke mara kitakapofika.